Orodha za Maneno katika Kompyuta: Matayarisho ya Mwanzo kwa Mtafiti wa Kiswahili cha Bukavu

1.0 Utangulizi

Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, huku Kifaransa kikibaki kuwa lugha rasmi. Mjini Bukavu, makao makuu ya Mkoa wa Kivu Kusini, Kiswahili ndicho kinachowakutanisha Washi, Wahavu, Warega, Wabembe, Wafuliiru na wengineo sokoni, kanisani na barabarani. Hata hivyo, Kiswahili hicho si kile kinachopatikana katika kamusi za Dar es Salaam. Mzungumzaji wa Kadutu au Bagira husema mutoto na batoto, kitabu na bitabu, na jambo jema kwake ni muzuri. Vijana nao wana msimbo wao unaochanganya Kiswahili, Kilingala, Kifaransa na lugha nyinginezo, ambao Didier Goyvaerts aliuchambua mwaka 1988 kwa jina la Indoubil.

Mwanafunzi anayetaka kuandika tasnifu kuhusu Kiswahili hiki kwa kawaida huanza na orodha ya maneno aliyoyakusanya kwa mkono katika daftari. Maneno yakifika mia mbili au mia tatu daftari bado linatosha. Yakifika elfu tano, tena yamekusanywa na watu watatu, kila mmoja na tahajia yake, daftari hushindwa, na hapo ndipo kompyuta huombwa msaada. Makala haya yanaeleza hatua za mwanzo za kuandaa orodha ya namna hiyo katika lugha ya programu iitwayo Python, pamoja na makosa ambayo anayeanza huyafanya bila kujua. Mengi ya makosa hayo hayahusu hesabu. Yanatokana na ukweli kwamba kompyuta haijui neno ni nini: inachokijua ni mfuatano wa alama, na mifuatano miwili inayotofautiana kwa alama moja ni vitu viwili. Mtafiti asipoamua mwenyewe lipi ni neno moja na yapi ni mawili, mashine itamwamulia, wala haitamwarifu kwamba imeamua.

2.0 Matayarisho

Python ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1991 na Guido van Rossum, aliyekuwa akifanya kazi katika taasisi ya utafiti ya CWI mjini Amsterdam. Jina lake halina uhusiano na chatu. Limetokana na kikundi cha wachekeshaji cha Monty Python, jambo linalofaa kujulikana mapema, maana vitabu vingi vya lugha hii vimechorwa nyoka jaladani. Jambo muhimu zaidi ni toleo. Toleo la 3 lilitoka Desemba 2008, na utunzaji wa toleo la 2 ulikoma tarehe 1 Januari 2020. Vitabu vya zamani vinavyozunguka kwa nakala za fotokopi huenda vikafuata toleo la 2. Alama yake ni rahisi kuitambua: ikiwa amri ya print inafuatwa na neno moja kwa moja bila mabano, kitabu ni cha zamani, na mifano yake haitafanya kazi.

Faili la kusimika Python katika Windows lina ukubwa wa yapata megabaiti 30, na likishapatikana halihitaji intaneti tena. Mtu mmoja anaweza kulipakua penye mtandao mzuri, akalitia katika flashi, na darasa zima likasimika kutoka flashi hiyo. Kazi zote zinazoelezwa hapa hutumia yale yaliyomo ndani ya Python yenyewe, bila nyongeza yoyote ya kununua au kupakua. Wakati wa kusimika, kwenye dirisha la kwanza kabisa, kuna kisanduku chenye neno PATH ambacho kinapaswa kutiwa alama ya vema. Wanaokiruka hujikuta baadaye wakiambiwa na kompyuta kwamba Python haijulikani, ilhali wameshaisimika.

Pamoja na Python huja kihariri kidogo kiitwacho IDLE. Kina dirisha la mazungumzo ambamo kila amri hujibiwa papo hapo, na hilo humvutia sana anayeanza. Dirisha hilo lifae kwa majaribio tu. Yaliyoandikwa humo hukaa katika kumbukumbu ya muda ya mashine, na umeme ukikatika kwenye kompyuta isiyo na betri, yote hupotea. Anayejua jinsi umeme ulivyo Bukavu, mji ulio kando ya Mto Ruzizi na mabwawa yake na bado ukazoea giza, hahitaji kuelezwa zaidi. Kazi yenyewe iandikwe katika faili lenye jina linaloishia kwa .py, na lihifadhiwe kila baada ya mistari michache.

Limebaki suala la kibodi. Orodha katika Python huandikwa ndani ya mabano ya mraba, na kwenye kibodi ya Kifaransa, ile ya AZERTY, mabano hayo hayaonekani kwa urahisi: la kufungulia hupatikana kwa kubonyeza AltGr pamoja na kibonye cha 5, na la kufungia kwa AltGr pamoja na kibonye kinachofuata 0. Kibodi ya Kibelgiji ina mpangilio mwingine. Wako wanafunzi wanaopoteza asubuhi nzima kwa ajili ya mabano mawili.

3.0 Orodha na nafasi zake

Chukuliwe mfano wa mwanafunzi anayekusanya majina ya vyakula katika soko la Kadutu. Orodha yake ya kwanza yaweza kuwa hivi:

maneno = ["sombe", "sambaza", "makayabu", "lengalenga"]

Sombe ni majani ya muhogo, yale yanayoitwa kisamvu Tanzania; sambaza ni dagaa wa Ziwa Kivu; makayabu ni samaki wa chumvi; na lengalenga ni mchicha. Kila neno limefungwa kwa alama za kunukuu, na kati ya neno na neno kuna mkato. Neno maneno lililo kushoto ni jina ambalo orodha itaitwa kwalo.

Nafasi katika orodha huhesabiwa kuanzia sifuri. Kwa hiyo maneno[0] ni sombe, na maneno[3] ni lengalenga. Anayeomba maneno[4] hupewa taarifa ya kosa. Anayeanza huona jambo hili kuwa la ajabu, lakini mtu aliyesoma kwa Kifaransa amekwisha kulizoea katika majengo: sakafu ya chini haihesabiwi, na ghorofa ya kwanza ni ile iliyo juu yake. Kwa utaratibu huohuo, maneno[0:3] hutoa maneno matatu, yaani ya nafasi 0, 1 na 2, na kuliacha lile la nafasi ya 3. Neno la mwisho hupatikana kwa maneno[-1], hata kama orodha ina maneno elfu tano na hakuna anayekumbuka idadi yake.

Mkato unastahili maneno ya ziada. Ukisahauliwa kati ya maneno mawili, Python hailalamiki, bali huyaunganisha. Orodha yenye "sombe" "makayabu" bila mkato ina kipengele kimoja, sombemakayabu, neno ambalo hakuna mtu wa Kadutu aliyewahi kulitamka. Kosa la namna hii ni baya kuliko yale yanayoisimamisha programu, kwa sababu programu huendelea na idadi hutoka, ila ni idadi ya uongo.

Alama za kunukuu nazo zina mtego wake kwa Kiswahili. Python hukubali alama moja au mbili, lakini neno kama ng'ombe lina ritifaa ndani yake, na likifungwa kwa alama mojamoja, mashine hudhani neno limeishia kwenye ng. Kwa kazi za Kiswahili inafaa kutumia alama mbilimbili siku zote: "ng'ombe". Wanaoandika maneno yao kwanza katika programu ya kuchapia hati hukumbana na tatizo la pili, kwa kuwa programu hizo hubadili ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda. Kwa jicho la binadamu ng'ombe na ng’ombe ni mnyama mmoja. Kwa kompyuta ni wawili, na kila mmoja atahesabiwa peke yake.

4.0 Kusoma orodha kutoka faili

Orodha ndefu haiandikwi ndani ya programu. Huandikwa katika faili la matini, neno moja kwa kila mstari, kisha husomwa:

with open("kadutu.txt", encoding="utf-8-sig") as faili:
    maneno = faili.read().splitlines()

Maneno yaliyo baada ya encoding hayafai kuachwa. Yanaiambia Python ni kwa utaratibu gani alama zimehifadhiwa. Yakiachwa, Windows ya Kifaransa yaweza kusoma faili kwa utaratibu wake wa zamani, na neno la Kifaransa kama école, ambalo halikosekani katika mazungumzo ya Bukavu, litatokea kama Ã©cole. Kijisehemu cha sig kinashughulikia jambo jingine lisiloonekana: vihariri vingine huweka alama fiche mwanzoni mwa faili, na alama hiyo hujibandika kwenye neno la kwanza. Mtafiti hubaki akijiuliza kwa nini sombe ya kwanza haihesabiwi pamoja na sombe nyingine, wakati kwenye kioo zinafanana kabisa.

Waliohifadhi maneno yao katika jedwali la Excel wana tahadhari yao. Kompyuta iliyowekwa kwa desturi za Kifaransa hutumia mkato katika desimali, na kwa sababu hiyo jedwali likihifadhiwa kama faili la CSV, safu zake hutenganishwa kwa nukta-mkato. Mifano ya vitabu vya Kiingereza huchukulia kwamba kitenganishi ni mkato. Ikifuatwa bila kubadilishwa, mstari mzima huingia katika orodha kama kipengele kimoja.

5.0 Neno moja au mawili?

Hapa ndipo kazi ya mwanaisimu inapoanza hasa. Wakusanyaji watatu wakirudi kutoka sokoni, mmoja atakuwa ameandika lengalenga, wa pili lenga-lenga, na wa tatu Lenga lenga, labda na nafasi wazi mwishoni mwa mstari. Amri ya maneno.count("lengalenga") itahesabu ya kwanza tu. Usafi wa awali hufanywa kwa mstari mmoja:

safi = [n.strip().lower().replace("’", "'") for n in maneno if n.strip()]

Mstari huu huondoa nafasi wazi za pembeni, hugeuza herufi kubwa kuwa ndogo, hunyoosha ritifaa, na kuiruka mistari mitupu. Haugusi kistari cha lenga-lenga, na ni vema usikiguse. Kuamua kama neno hilo huandikwa pamoja au kwa kutenganishwa ni uamuzi wa tahajia ambao mtafiti anapaswa kuufanya kwa macho yake, akaueleza katika tasnifu. Hata kugeuza herufi kubwa kuwa ndogo kuna gharama: jina la mtaa likiandikwa kwa herufi ndogo halitofautiki tena na nomino ya kawaida.

Kuondoa mistari mitupu kwa njia nyingine, yaani kupitia orodha neno kwa neno na kufuta huku ukiendelea kuisoma, ni kosa linalojirudia sana. Kipengele kikifutwa, vinavyofuata husogea nafasi moja kushoto, na msomaji, aliyekwisha kupiga hatua mbele, hukiruka kimoja. Mistari mitupu miwili ikifuatana, mmoja hubaki. Kujenga orodha mpya kama ilivyofanyika hapo juu huepusha balaa hilo.

Upangaji wa alfabeti pia una mambo yake. Amri ya sorted hupanga kwa namba za siri za alama, na katika namba hizo herufi kubwa zote hutangulia ndogo, nazo herufi zenye lafudhi za Kifaransa huja baada ya z. Orodha yenye Makayabu, école, sambaza, sombe na lengalenga itatoka ikianza na Makayabu na kuishia na école. Hilo la herufi kubwa hurekebishika kwa kugeuza herufi kama ilivyoelezwa. École itahitaji kanuni yake. Lakini la ngeli ni zito zaidi. Mashine itaweka batoto kwenye b na mutoto kwenye m, bitabu kwenye b na kitabu kwenye k. Swali hili ni kongwe kuliko kompyuta. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ilikusanya maneno mengi chini ya mashina yake, ilhali Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI ya mwaka 1981 ilimrahisishia msomaji kwa kuorodhesha maneno mengi yanavyoonekana. Mtafiti wa Bukavu hawezi kulikwepa, hasa akiweka katika jedwali lilelile maneno ya Kimashi, ambayo hubeba irabu mwanzoni: omuntu, abantu. Asipoandika shina katika safu yake, Kimashi chote kitarundikana kwenye a, e na o.

Kwa sababu hiyo kila neno hufaa kuwa orodha ndogo ndani ya orodha kubwa, yenye umbo lililosikika, shina, mahali liliposikika na lugha:

["batoto", "toto", "Kadutu", ["Kiswahili"]]
["makayabu", "kayabu", "Kadutu", ["Kiswahili", "Kilingala"]]

Sehemu ya lugha imefanywa orodha kwa makusudi. Makayabu ni neno la Kilingala pia, na kumlazimisha mkusanyaji achague lugha moja ni kumlazimisha aandike asichokijua. Kukata ma- katika neno hilo kwenyewe ni dhana tu. Mwingine angesema shina ni makayabu zima, naye angestahili kusikilizwa.

Jaribio moja linawavutia wengi: kupata orodha ya maneno ya Kiswahili sanifu, kuiita sanifu, kisha kuuliza ni maneno gani ya Bukavu hayamo.

nje = [n for n in safi if n not in sanifu]

Jibu litajaa batoto, bitabu, muzuri, na pengine sombe. Programu za kusahihisha tahajia huyaita maneno ya namna hii makosa, na ziko tayari kugeuza batoto kuwa watoto katika faili zima kwa kubonyeza mara moja. Kwa mtafiti wa lahaja, hiyo nje ndiyo orodha aliyoifuata sokoni. Mwanafunzi aliyeisafisha data yake mpaka nje ikawa tupu amebaki na Kiswahili ambacho angeweza kukipata bila kutoka chumbani. Neno lililoandikwa vibaya na mkusanyaji na neno la lahaja huonekana sawa mbele ya mashine; anayeweza kuyatenganisha ni mtu aliyelisikia likisemwa, au aliye tayari kurudi Kadutu kuuliza.

6.0 Nakala ambayo si nakala

Kabla ya kusafisha chochote, orodha ya asili huhifadhiwa. Anayeanza huandika hivi, akidhani amejiwekea akiba:

asili = maneno

Hakuna kilichonakiliwa. Orodha bado ni moja, ila sasa ina majina mawili, kama mtu mwenye jina la ubatizo na jina la nyumbani. Akifuta neno katika maneno, limefutika katika asili pia. Nakala ya kweli hupatikana kwa kuandika asili = maneno.copy(). Hata hiyo haitoshi pale vipengele vyenyewe ni orodha, kama ilivyo katika jedwali la sehemu ya 5.0, kwa maana inanakiliwa orodha ya nje tu na zile za ndani hubaki za pamoja. Hapo hutumika amri ya deepcopy, inayoitwa kwa kuandika kwanza from copy import deepcopy.

Mtego wa mwisho ni mfupi na umeshaponza kazi nyingi. Amri ya sort, tofauti na sorted, huipanga orodha palepale ilipo na hairudishi kitu. Anayeandika maneno = maneno.sort() hupanga orodha yake vizuri, kisha papo hapo hulipa jina lake kitu kitupu. Ikiwa hakuwa na asili, na faili la kadutu.txt limekwisha kuandikwa upya na programu ileile, maneno elfu tano yamekwenda.

Kwa hiyo faili la asili lisiandikwe na programu kamwe. Programu ilisome, na matokeo yaende katika faili jingine lenye tarehe katika jina lake. Nakala ya faili la asili ikae kwenye flashi kwa mtu mwingine, na nyingine nje ya mji kwa njia ya barua pepe pale mtandao unaporuhusu. Bukavu ilitekwa Oktoba 1996, ikaingia vitani tena Agosti 1998, ikatekwa Juni 2004, na ikatekwa tena na M23 Februari 2025. Katika siku za namna hiyo watu hubeba watoto na nyaraka za nyumbani, na kompyuta ya idara hubaki mezani.